Kuiokoa Injini Kuukuu Baada ya Kukosea Kubadilisha Oili

Mabibi na mabwana, wenye magari wenzangu, na nyinyi mafundi mliofunga karakana zenu mapema ili kufika hapa, nawashukuru kwa kuhudhuria. Nimeombwa nizungumzie ubadilishaji wa oili nyumbani. Namna ya kuibadilisha imeelezwa mara nyingi na wengi wenu mnaijua, kwa hiyo naomba ruhusa yenu nishughulikie kipindi ambacho hakielezwi sana, yaani kile kinachoanza pale mtu aliye chini ya gari anapogundua kwamba amefungua bolti isiyo sahihi, au kwamba bolti inazunguka tu bila kukaza, au kwamba oili mpya aliyoitia inatiririka sakafuni.

Nairobi ni mji wa magari yaliyokwisha kutumikia watu wengine kwingine. Kanuni zetu zinaruhusu gari lililotumika kuingia nchini iwapo halijapita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na likishatoka bandarini Mombasa gari hilo huhudumu hapa kwa miaka mingine kumi, kumi na mitano, au zaidi. Maana yake ni kwamba bolti ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, unayoifungua leo katika maegesho ya nyumba yako Umoja au Kahawa imepitia mikono ya watu usiowajua, na baadhi yao waliikaza kwa spana iliyoongezwa urefu kwa kipande cha bomba. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimeona wenye magari wakijilaumu kupita kiasi thredi, yaani mistari ya kukazia bolti, zinapong'oka mikononi mwao, ilhali mara nyingi thredi hizo zilianza kufa miaka mingi kabla wao hawajalinunua gari.

Hoja yangu ni kwamba kosa lenyewe huwa haliui injini. Injini hufa katika dakika zinazofuata, mwenye gari anapoiwasha ili asikilize kama iko salama, au anapoamua kulipeleka kwa fundi kwa kuliendesha polepole. Injini inapofanya kazi vizuri, krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, haigusani na beringi zake. Kati yao kuna utando mwembamba wa oili unaoletwa na pampu, na utando huo ukikatika chuma husugua chuma, joto hupanda ghafla, na uso laini wa beringi huanza kuyeyuka na kushikamana na shafti. Injini iliyozimwa haina hatari hiyo hata kama sampu ni tupu kabisa. Kwa hiyo, katika kila kosa nitakalolitaja, jambo la kwanza ni kutoa ufunguo na kuutia mfukoni. Kama gari limeziba njia ya majirani, watu walisukume.

Jambo la pili ni kuhifadhi kila kilichomwagika. Usikimbilie kukitupa kwa aibu. Kimimine kwenye mtungi wenye alama za lita, ukipime, ukitazame rangi yake na ukinuse. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi au ya kahawia nzito. ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki, huwa nyekundu ikiwa mpya na hugeuka hudhurungi inapozeeka. Mafuta ya difa, yaani meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu, ni mazito na yana harufu kali ya salfa ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Vipimo hivyo vitatu, yaani kiasi, rangi na harufu, vitakueleza ni sehemu gani ya gari umeiacha kavu na inahitaji kurudishiwa lita ngapi.

Sasa nichukue kosa ambalo ni maarufu kuliko yote miongoni mwa wenye Subaru. Katika Legacy, Impreza na Forester za zamani zenye giaboksi otomatiki, chini ya gari kuna bolti tatu za kumwagia: ya oili ya injini, ya ATF, na ya difa ya mbele iliyomo ndani ya nyumba ileile ya giaboksi. Hazikai mbali, na kwa mtu anayelala chini ya gari kwa mara ya kwanza, bila mwanga wa kutosha, ni rahisi mno kuichagua isiyo yake. Anamwaga ATF akidhani ni oili, anaifunga bolti, anabadilisha filta, kisha anatia lita 4 za oili mpya katika injini ambayo bado ina oili yake ya zamani. Kwa tendo moja amefanya makosa mawili: giaboksi imepungukiwa, na injini imejazwa karibu maradufu. Wenye Honda Fit nao hukutana na jambo la namna hii, kwa maana bolti ya giaboksi yao, ile yenye tundu la mraba katikati, inaonekana wazi na inamshawishi mtu kuifungua.

Kama gari halijawashwa, nawahakikishia kwamba hakuna kilichoharibika isipokuwa pesa ya oili. Rudisha kwenye giaboksi mafuta mapya ya aina inayotakiwa na gari hilo, kwa kiasi kilekile kilichotoka, na hapo ndipo mtungi wako wenye alama unapokuwa na thamani, kwa sababu sehemu kubwa ya ATF hubaki ndani ya giaboksi na kigeuzi chake, na anayejaza kwa kufuata ujazo kamili ulioandikwa kitabuni atazidisha kwa lita kadhaa. Katika Subaru hizo za zamani ATF hutiwa kupitia mrija wa kijiti chake cha kupimia kwa faneli nyembamba, kisha hupimwa injini ikiwa inanguruma na giaboksi ikiwa imepata joto. Lakini hatua hiyo ije baada ya injini yenyewe kurekebishwa. Ikiwa kilichotoka ni mafuta ya difa, Subaru yenye giaboksi otomatiki huhitaji kiasi kidogo tu, lita moja na kidogo, ya 75W-90 yenye daraja la GL-5. Katika Subaru ya gia za mkono difa ya mbele na giaboksi hutumia mafuta mamoja, karibu lita 3.5. Nasisitiza kuhusu aina: magari mengi ya miaka ya karibuni, zikiwemo Toyota Fielder na Nissan Note nyingi tunazoziona Thika Road, yana giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, na hiyo hutumia mafuta yake mahususi. ATF ya kawaida haifai humo hata kwa safari fupi ya kufika nyumbani.

Ikiwa gari liliwashwa na kusimama tu kwa dakika moja au mbili, mara nyingi giaboksi hupona ikijazwa upesi. Ikiwa liliendeshwa, mambo hubadilika. Tazama kama ATF iliyobaki ni nyeusi na ina harufu ya kuungua, na ukishajaza sikiliza kama gari linachelewa kushika gia, au kama mbele kuna mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo. Mvumo huo ni wa meno ya difa yaliyopashwa joto bila mafuta, na hauponi kwa kuongeza mafuta mazito.

Tuje kwenye injini iliyojazwa kupita kiasi. Wapo wanaoamini kwamba oili nyingi ni baraka. Oili ikipanda hadi krankishafti inapozungukia, shafti huipiga na kuijaza viputo vya hewa, na pampu ikivuta povu badala ya oili, utando ule niliouelezea hudhoofika ingawa sampu imejaa pomoni. Oili nyingine husukumwa kwenye sili na kwenye njia ya hewa, na moshi wa buluu ukatoka. Tiba ni rahisi: mwaga yote kwa bolti sahihi, ujaze upya kwa kipimo. Kama oili imezidi kidogo tu, inatosha kuivuta kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti. Katika magari mengi umbali kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni karibu lita moja, na gari lipimwe likiwa mahali tambarare, dakika chache baada ya kuzimwa.

Bolti iliyokula thredi inahitaji uvumilivu zaidi, na hapa ndipo ninapoona watu wakiharibu zaidi katika kujaribu kutengeneza. Sampu ya alumini ni laini kuliko bolti ya chuma, kwa hiyo ni sampu inayoumia. Kwanza tazama bolti yenyewe. Huenda ni thredi zake tu zilizochakaa, nawe ukihitaji bolti mpya na ringi mpya ya kuziba (washa), mambo yakaishia hapo. Kama ni tundu lililoharibika, fundi wa kukereza vyuma anaweza kulipanua, akalichonga thredi upya na kutia koili ya chuma inayorudisha kipimo cha awali, na kazi hiyo ikifanywa vizuri huwa imara kuliko alumini ya mwanzo. Njia nyingine ni kununua sampu iliyotumika katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road au Grogan, na kuifunga kwa gasketi ya silikoni juu ya nyuso zilizosafishwa na kukauka kabisa, kisha kuiacha ishike kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Bolti nene inayojichonga thredi naikubali kwa dharura tu, kwa maana ikiingia ikiwa imeinama hulipasua tundu, na baada ya hapo hata koili haitasaidia. Utepe mweupe wa mafundi wa mabomba siukubali hata kidogo, kwa kuwa vipande vyake hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu. Yeyote anayechonga thredi sampu ikiwa bado iko kwenye gari apake grisi kwenye kifaa ili ishike chembe za chuma, kisha amwage oili kidogo ya kusafisha tundu likiwa wazi.

Kuhusu kukaza, injini ya 1NZ-FE iliyomo katika Probox na Fielder nyingi hutaka bolti yake ikazwe kwa karibu nyutonimita 37. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya kawaida, bila bomba na bila kuegemea.

Filta nayo ina kosa moja kubwa. Ringi ya mpira ya filta ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake, na ringi mbili zilizopandana haziwezi kuhimili shinikizo. Gari huonekana halina tatizo likiwa limezimwa, kisha likiwashwa hutema oili kwa lita ndani ya dakika chache. Zima, fungua, toa ringi ya zamani, pangusa uso wa injini, paka oili kwenye ringi mpya, kaza kwa mkono.

Limebaki lile linaloogopwa zaidi, yaani injini iliyonguruma bila oili. Taa nyekundu ya oili hupima shinikizo, haipimi kiasi. Inapowaka, utando umekwisha kudhoofika. Jaza oili na filta mpya, toa fyuzi ya pampu ya petroli, uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa izimike, ndipo urudishe fyuzi na kuiwasha. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka unapokanyaga, zima na usiwashe tena. Ikiwa kimya, endesha umbali mfupi, kisha mwaga oili hiyo na ukate filta uikunjue karatasi yake juani. Msitegemee sumaku peke yake, kwa sababu metali ya beringi kwa kawaida ni alumini, risasi, bati au shaba, nayo haivutwi na sumaku. Punje zenye rangi ya shaba zinaonyesha kwamba tabaka la juu limekwisha kulika.

Anayefika karakana baada ya haya yote amweleze fundi ukweli mtupu: alifungua bolti ipi, alitia nini, injini ilinguruma kwa muda gani. Mficha uchi hazai. Nawasihi nanyi mafundi msimcheke mteja anayesema ukweli, kwani maelezo yake yanaweza kukuepushia kufungua giaboksi nzima ukitafuta hitilafu usiyoijua chanzo chake. Na yeyote atakayerudi chini ya gari kukagua, alale chini ya gari lililo juu ya stendi za chuma na kuwekewa vizuizi vya magurudumu. Jeki peke yake au mawe yaliyopangwa havitoshi, na nisingependa mtu apoteze maisha akiokoa sampu.

Gari likishapona, kagua kijiti na sakafu kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, huku mtungi wa oili ya zamani ukiwa bado upo. Baada ya hapo upeleke kwenye karakana au kituo cha petroli kinachopokea oili chafu kwa ajili ya wasafirishaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu inaishia Mto Nairobi na Mto Ngong. ATF na oili ya injini zinaweza kuwekwa mtungi mmoja, lakini kipozeo cha radieta na mafuta ya breki viwekwe kando, maana vikichanganyika na oili chafu mkusanyaji ana haki ya kuikataa yote.