Mwembe wa Mihintale

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Sisi wa Pwani tumezoea kuutazamia mwezi mwandamo ndipo tufunge au tufungue. Wabudha wa Sri Lanka huungoja mpaka upevuke. Kila mwezi mpevu kwao ni Poya, sikukuu ya nchi nzima: ofisi zimefungwa, pombe haiuzwi, na mabucha nayo hayafunguliwi. Wenye kiu yao hununua jana yake. Binadamu ni binadamu.

Inayojulikana zaidi ni Vesak ya Mei. Mimi leo nimechagua Poson, ya Juni, kwa ajili ya mazungumzo yaliyoizaa.

Karne ya 3 kabla ya Kristo, mfalme wa Sri Lanka, Devanampiya Tissa, alikuwa akimfukuza paa kwenye mlima wa Mihintale, karibu na mji wa Anuradhapura. Mara akasikia mtu akimwita kwa jina tupu: "Tissa!" Nani huyo asiyemwogopa mfalme? Alikuwa mtawa Mahinda, ambaye baba yake ni Ashoka, mfalme wa Bara Hindi. Kabla ya kuhubiri lolote, mtawa akamtahini.

"Mti huu ni mti gani?"

"Mwembe."

"Ukiuacha huu, iko miembe mingine?"

"Tele."

"Na miti isiyo miembe?"

"Tele vilevile."

"Ukiiacha miembe hiyo mingine, na miti hiyo isiyo miembe, unabaki na nini?"

"Na mwembe huu huu, bwana."

Mahinda akaridhika kwamba kichwa kinafanya kazi, ndipo akaanza kumfundisha dini ya Budha. Ndivyo kisimuliavyo kitabu chao cha kale cha historia, Mahavamsa. Mimi hunifurahisha kuona taifa linaadhimisha mtihani, wakati wengine wanaadhimisha vita.

Siku yenyewe waumini huvaa nyeupe na kuzipanda ngazi 1,840 za Mihintale. Walioshika amri nane za Kibudha hawali chakula baada ya adhuhuri.

Wengine? Wako dansal, vibanda vya chakula cha bure barabarani. Vijana wa mtaa huchangishana, wakapika masufuria kwa masufuria, kisha husimama njiani na bendera kusimamisha mabasi. Utapewa wali na mchuzi, au muhogo wa kuchemsha na pilipili iliyopondwa na kitunguu. Dini yako haiulizwi.

Na hapa nyumbani, Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliokuja Dar es Salaam enzi za ukoloni walijenga hekalu Upanga, na lipo mpaka leo. Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.