Mtego wa Nzi Hutundikwa Kabla ya Nzi

Hamjambo ndugu watazamaji, na hasa ninyi wa Molo na Elburgon kule Kenya ambao tangu video iliyopita mmekuwa mkiniuliza ile ndoo iliyoning'inia nyuma yangu ilikuwa na kazi gani. Ni mtego wa nzi, na leo nimeishusha mtini na kuileta karibu na kamera, ingawa namshukuru Mungu kwamba simu haipeleki harufu.

Niko katika nyanda za juu za New England, kaskazini mwa jimbo la New South Wales, hapa Australia, mahali ambapo asubuhi zake za baridi hunikumbusha nyumbani kuliko sehemu nyingine yoyote niliyowahi kufanya kazi. Kondoo ninaowachunga ni Merino, wenye sufu nzito na ngozi yenye makunyanzi, na adui wao mkubwa ni nzi wa kijani mwenye mng'ao wa shaba ambaye wataalamu humwita Lucilia cuprina. Huyu ndiye anayeanzisha takriban asilimia 90 ya visa vya kondoo kuingia funza katika nchi hii. Inaaminika kwamba alifika huku katika karne ya 19 kutoka Afrika Kusini, kwa hiyo mimi na yeye sote ni wageni, ila yeye hakuombwa viza.

Nzi jike hutafuta sufu yenye unyevu, iwe imelowa mkojo, imeganda mavi ya kondoo anayeharisha, au imeoza kwa kunyeshewa siku nyingi mfululizo. Akiipata hutaga mayai yanayoweza kufikia 250 kwa mkupuo mmoja, na katika joto la kutosha mayai hayo huanguliwa ndani ya siku moja. Funza huanza kula ngozi ya mnyama akiwa hai, na kidonda wanachokifanya hutoa harufu inayowaita nzi wengine, ndiyo maana kondoo aliyeonekana mzima Jumatatu anaweza kuwa amelala chini hajiwezi kabla ya wiki kuisha. Funza walioshiba hudondoka, hujifukia katika udongo wa juu juu, na baada ya siku kadhaa hutoka wakiwa nzi kamili. Baridi ikiwakuta wakiwa chini, husubiri humo humo ardhini hadi udongo upate joto tena, na hapo ndipo ndoo yangu inapoingia.

Aina hii ya mtego inaitwa LuciTrap, na ilibuniwa na watafiti wa jimbo la Queensland. Ndani yake mna vichupa vya kemikali ambazo harufu zake zikichanganyika hufanana na uvundo wa mzoga, na kwenye kifuniko kuna matundu yenye umbo la koni. Nzi huyapenya kwa urahisi, lakini akishaingia hufuata mwanga unaopita kwenye plastiki badala ya kulitafuta tundu aliloingilia, kisha joto na kiu vikammaliza. Kanuni ya jumla ni mtego mmoja kwa kila kondoo 100, nayo hutundikwa pale nzi wanapokusanyika, yaani karibu na maji na kwenye miti ambayo kondoo hulala chini yake.

Kabla sijaijua hii, niliwahi kujitengenezea mtego wangu kwa mtungi wa plastiki uliotobolewa, nikaweka maini ya kondoo yaliyooza. Ulijaa hadi shingoni kwa siku chache, nikajiona fundi. Mwajiri wangu aliumimina chini, akawatenganisha nzi kwa kijiti, akanionyesha kwamba karibu wote walikuwa nzi wa mizoga wa aina nyingine, wale ambao huja kwenye kidonda kilichokwisha kuanzishwa na mwenzao. Tangu siku hiyo siupimi mtego kwa wingi wa nzi waliomo, bali kwa idadi ya kondoo ninaowakamata wakiwa na funza.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifanya nirekodi video hii. Mwaka wangu wa kwanza niliitundika mitego mwezi Novemba, mvua ikiwa imeshanyesha na nzi wakiwa wamezagaa kila mahali, nikashangaa mbona kondoo wanaendelea kuingia funza. Hesabu yake ni rahisi kwa mtu yeyote aliyefuga. Jike mmoja anayenaswa Septemba, pale joto linapofika nyuzi 17 hivi na wale wa kwanza wanaibuka ardhini, anaondoka na kizazi chote ambacho kingemfuata, ilhali jike anayenaswa Novemba ni mmoja tu kati ya maelfu.

Najua wengine wenu mmeona mitego ya mbung'o, ile ya kitambaa cha buluu na cheusi iliyoendelezwa kule Nguruman, ambayo huwekewa mkojo wa ng'ombe na asetoni kama chambo. Mitego ile inaweza kuwapunguza mbung'o hadi karibu waishe, kwa kuwa mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, na pengo la kila anayekufa huchukua muda kuzibwa. Nzi wa kijani hazai hivyo. Katika majaribio ya Queensland, LuciTrap iliwapunguza kwa takriban asilimia 60, jambo ambalo ni jema sana, lakini asilimia 40 wanaobaki wanatosha kukuulia kondoo.

Kwa sababu hiyo mtego haukuondolei mkasi mkononi. Sisi hunyoa sufu ya nyuma, mkiani na katikati ya mapaja, kabla ya msimu, tunawapa dawa ya minyoo ili wasiharishe, na wanakondoo hukatwa mkia kwa urefu unaofunika sehemu ya siri ya jike, kwa maana mkia mfupi mno nao huleta matatizo. Dawa za kumwagia mgongoni zipo na zinasaidia, lakini nzi wameanza kuwa sugu hata kwa disiklanili, ambayo wafugaji wengi waliitegemea. Upo pia ukataji wa ngozi ya makalio, ili pasiote sufu ya kushika uchafu, ulioanza miaka ya 1930 na kupewa jina la John Mules wa Australia Kusini. New Zealand iliupiga marufuku mwaka 2018, na mimi binafsi sitaki kukishika kisu hicho.

Kwenu Molo hakuna majira ya baridi ya kuwafungia nzi ardhini kama huku, kwa hiyo ningekuwa huko ningeutundika mtego mapema, kabla ya mvua za Machi, na ningewanyoa kondoo wa sufu nyuma kwanza.

Sasa mtazameni huyu jike niliyemtenga. Asubuhi alikuwa akipiga mguu chini, akizungusha shingo kujing'ata kiunoni, na wenzake walipoondoka yeye alibaki. Hapa sufu ina weusi wa unyevu. Nikiifunua mnawaona funza wamejaa. Nimenyoa hadi ngozi safi, nikapita ukingo wa kidonda kwa upana wa vidole vitatu kila upande, kisha nimepaka dawa. Sufu yote iliyotoka, pamoja na kila funza niliyemwokota, nimeifunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuweka juani juu ya boneti ya gari, nao utakaa pale hadi jioni, kwa kuwa funza nitakayemwacha adondoke hapa atarudi kama nzi kabla mwezi haujaisha.