Stika Hiyo Hailipi Mguu Wako
(Mazungumzo na waendesha bodaboda, Msamvu, Morogoro)

Ndugu zangu, hamjambo. Najua saa hizi abiria wanashuka hapo stendi na hesabu ya tajiri mwenye pikipiki haisubiri, kwa hiyo sitazunguka.

Nimekaa miaka 11 kwenye dawati la madai ya bima. Kuna kijana mmoja sitamsahau. Alikuja na magongo, mguu wa kulia una vyuma, kwapani amebana bahasha ya kaki. Ndani mna nakala ya bima, leseni, risiti za hospitali, zote zimepangwa vizuri. Aliteleza kwenye kokoto akaanguka peke yake. Akaniambia, "Dada, bima yangu iko hai, nimefuata hela ya matibabu." Kweli ilikuwa hai. Lakini ilikuwa bima ndogo, na bima ndogo haina hata shilingi moja ya dereva aliyeanguka mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Tangu siku ile, kijiwe chochote nikikaribishwa, naanza na hili.

Bima ndogo, hiyo ya stika, ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Inamlipa uliyemuumiza. Wewe na pikipiki yako hamumo. Ipo inayoongeza moto na wizi, na ipo bima kubwa inayotengeneza na pikipiki yenyewe. Hata hiyo kubwa, chombo kikiharibika kabisa, inaangalia thamani ya sokoni siku ya ajali, haiangalii bei uliyonunulia dukani, na kuna kiasi utakachobeba mwenyewe. Mguu wako una bima yake: bima ya ajali binafsi. Hiyo ndiyo inayogusa kifo, ulemavu wa kudumu na matibabu, hadi kiwango kilichoandikwa. Nyie mlio kwenye mkataba, nawaombeni sana, siku mnayoandikiana hesabu na tajiri, andikeni pia nani anaikata bima hiyo.

Halafu angalieni neno "matumizi" kwenye nakala ya bima. Ukikuta pameandikwa binafsi, na wewe unabeba abiria kwa nauli, hapo ndipo kampuni itakapoanzia kukataa. Leseni iliyokwisha, pombe, mishikaki ya kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni njia hiyo hiyo. Na hata ikimlipa majeruhi, inaweza kukugeukia uirudishie.

Sasa siku ya ajali. Kinachowaumiza wengi ni kumalizana. Abiria amechubuka goti, unamtoa shilingi 30,000, mnapeana mikono, kila mtu anaondoka. Wiki ya tatu goti limevimba, ndugu zake wako mlangoni kwako, na polisi hakuna kumbukumbu yoyote ya ajali. Kampuni nayo ina sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo bila kuishirikisha. Hapo umeshalipa mara moja, na bado unadaiwa yote.

Majeruhi awahishwe hospitali kwanza. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe, polisi waje wapime. Kabla vyombo havijasogezwa, piga picha: matairi yalipo, alama za breki, namba ya gari, sura ya barabara. Chukua simu za mashahidi wawili, ikiwezekana mmoja asiwe wa kijiwe chenu. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo, usingoje upone, mtume hata mkeo. Na pikipiki isiguswe na fundi kabla mkaguzi wa kampuni hajaiona. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu taa na fenda mpya zilishafungwa, za zamani zimetupwa.

Ukigongwa na gari mwenye gari akiwa na kosa, mambo yanageuka. Hapo wewe ndiye unayelindwa na bima ndogo ya mwenzako, na una haki ya kudai matibabu na fidia kwenye kampuni yake. Vijana wengi hawalijui hili, wanalala wodini familia ikiuza mbuzi, na stika ya gari lililowagonga iko hai. Ndiyo maana nasisitiza namba ya gari. Mkimkuta mwenzenu amelala chini, wawili wamshughulikie, mmoja aandike namba.

Ukikataliwa, omba sababu kwa barua. Usikubali jibu la mdomo. Barua hiyo unaipeleka TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Limebaki moja, nalo tulifanye hapa hapa. Bima feki zipo, na mwenye nayo hajui mpaka siku ya ajali. Toeni simu. Fungueni mfumo wa TIRA-MIS, wekeni namba ya pikipiki, muone jina la kampuni, aina ya bima na tarehe ya kuisha. Tuanze na huyu wa mbele mwenye kofia nyekundu. Nisomee namba, mdogo wangu.