Mwaka 2038 unaanzia kwenye zabuni ya leo

Jamani mlioko nyuma mnanisikia? Poa. Hii kompyuta ya zamani nimeibeba makusudi, naisogeza tarehe mpaka 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, subirini kidogo... haya someni wenyewe ukutani, Desemba 1901! Yaani Mjerumani bado anatutawala hapa Mtwara na Majimaji haijapiganwa.

Mashine nyingi zinahesabu muda kwa sekunde toka 1 Januari 1970, sasa zile zinazotunza hesabu kwa biti 32, yaani nafasi 32 tu za sifuri au moja, mwisho wake ni 2,147,483,647, ikizidi moja tu namba inageuka hasi, ndo maana tarehe inarudi nyuma ya 1970 mpaka 1901. Simu zenu mpya nyingi ziko biti 64, hizo sina wasiwasi nazo sana. Wasiwasi wangu ni vile vidude vilivyofungwa ndani ya mitambo, vya kupimia gesi, vya kuendesha pampu za maji, ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka vigome.

Najua kuna mtu atasema hata ile hofu ya mwaka 2000, kwamba kompyuta zinazoandika mwaka kwa tarakimu mbili zitadhani ni 1900, ilikuwa kelele tu. Nakataa. Februari 1998 Clinton, rais wa Marekani, aliunda baraza zima la hiyo kazi akamkabidhi John Koskinen, kukawa na mtu wa kuulizwa, na Oktoba ikapita sheria ya kuyakinga makampuni yanapotoa taarifa za mifumo yao, maana kila mtu alikuwa anaogopa kushtakiwa kwa atakachosema. Hiyo ndo naipenda kuliko zote. Mambo yalitulia kwa sababu watu walikesha kurekebisha, na bado kule Sheffield, Uingereza, programu ya hospitali ilikosea umri wa wajawazito, zaidi ya 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi ya vipimo.

Sisi tunangoja nini? Mtambo ukifungwa leo unaweza kukaa miaka 15 au 20, piga hesabu mwenyewe unaangukia wapi. Kwa hiyo mimi wala sianzi na watu wa IT, naanza na manunuzi, waandike kwenye zabuni kwamba muuzaji ataisogeza tarehe mpaka 2038 mbele ya macho yetu, mfumo ukirudi 1901 anafungasha anaondoka nao, hela hapati.

Haya, yule dada wa manunuzi kanyoosha mkono muda mrefu, mpeni maiki.