Wageni wa tovuti yako wanatoka wapi? Leo tunaifungua "Direct"

Haya, karibuni. Kama una duka mtandaoni na umeshaunganisha Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wageni wa tovuti, video hii ni yako. Kama bado, kuna video ya kuunganisha, anza na ile, mimi nipo tu.

Hii mnayoiona ni tovuti ya mteja wangu anayeuza mikoba na vikapu vya ukili, ameniruhusu kuionyesha. Bonyeza Reports, kisha Acquisition, kisha Traffic acquisition. Menyu yako ikiwa imepangwa tofauti kidogo usihangaike, tafuta tu hayo maneno. Jirani yake kuna User acquisition. Hiyo inasema mtu alikuja kwa njia gani mara ya kwanza kabisa. Hii yetu inasema kila ziara imetokea wapi. Dada aliyekupata Google mwezi uliopita, leo karudi kupitia Facebook: kule anabaki wa Google, huku ziara ya leo ni ya Facebook. Twende kwenye mafungu.

Organic Search, waliotafuta wakakuona bila wewe kulipia tangazo. Referral, waliobofya linki kwenye tovuti ya mtu mwingine. Organic Social, Facebook, Instagram na wenzao. Hizo zinajieleza, sikai hapo.

Ninayemtaka ni huyu, Direct. Oneni alivyonenepa! Wenye maduka wakimwona wanafurahi: "Watu wananijua, wanaandika jina langu wenyewe!" Wapo wanaoandika, na wapo waliohifadhi ukurasa. Lakini humu ndimo anamotupwa kila mgeni asiyejulikana alikotoka. Mtu akibofya linki kwenye tovuti nyingine, kivinjari kwa kawaida hutaja tovuti hiyo. Akibofya ndani ya WhatsApp, kwenye SMS au kwenye PDF, mara nyingi hakitajwi kitu. Ni mgeni aliyepita getini mlinzi akiwa ameenda kunywa chai: yumo ndani, ila daftarini hayumo. Na sisi biashara zetu ziko wapi jamani? Si status na magrupu ya WhatsApp!

Kwa hiyo linki tunaitia lebo sisi wenyewe. Mwisho wa anwani ya ukurasa weka alama ya kuuliza, halafu andika hivi, bila nafasi hata moja:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=status_eid

Source ni mahali, medium ni aina ya njia, campaign ni jina unalolitunga wewe. Kama anwani ina alama ya kuuliza tayari, usiweke ya pili, anza na &. Google wana ukurasa wa bure wa kuitengeneza, unaitwa Campaign URL Builder. Mimi napenda kuandika kwa mkono, ubishi wangu tu.

Sasa sikilizeni. Herufi ndogo. Zote. Simu yako itataka kukuandikia Whatsapp kwa W kubwa, ikatalie. Analytics inaona whatsapp na Whatsapp kama vitu viwili, na wageni wako watagawanyika mistari miwili. Ukimpa msaidizi wako naye aandike WhatsApp, mistari mitatu. Na data ikishaingia hivyo, ndani ya ripoti hairekebishiki. Herufi ndogo!

Tujaribu. Nanakili linki, naibandika hapa, nafungua... sawa. Narudi Reports, kwenye Realtime, inaonyesha waliopita dakika 30 zilizopita. Ngoja. Ngojeni kidogo. Mbona sijioni? Linki iko sawa, herufi ndogo... Aaa! Kivinjari hiki kina kizuia-matangazo, kimemzuia na Analytics. Bora limetokea mbele yenu, maana na wageni wako wenye vizuizi kama hivi hawahesabiwi, kwa hiyo namba hizi zisome kama mwelekeo, si kama hesabu ya benki. Natumia simu basi. Haya, huyo! whatsapp. Mmemwona?

Subirini bodaboda ipite.

Medium nayo ina mitego. Nimeandika social kwa sababu Google wana orodha ya maneno wanayoyatambua. Ukibuni lako, tuseme utm_medium=status, mgeni anaweza kuishia kwenye fungu la Unassigned, la wasiopangiwa popote, umetoka shimo moja umeingia jingine. Neno status liweke kwenye campaign. Barua pepe, andika email.

Lebo hizi ni za linki za nje tu. Usizitie kwenye vitufe vya ndani ya tovuti yako, pale "Tazama vikapu", kwani unaweza kuvuruga ukweli wa alikotoka mgeni, aonekane ametoka kwako. Na herufi ndogo, nimeshasema? Nasema tena.

Jedwali langu la kupangia linki lipo hapo chini, shilingi elfu tano. Daftari la kawaida linatosha pia, mradi timu nzima isome hilo hilo.

Ripoti kamili usiitafute leo; huchukua saa 24 hadi 48 kutulia. Keshokutwa rudi Traffic acquisition, badilisha safu ya kwanza iwe Session source / medium, utafute whatsapp / social. Ukiona Unassigned imepanda, kagua medium kwanza kabla ya kuniandikia.