Gari Lililoshinda Jumapili

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nawashukuru waandalizi kwa kunipa jukwaa, na nawashukuru zaidi ninyi mliokuja huku mkijua kwamba leo hatuzungumzii mpira.

Septemba 1965, kwenye uwanja wa Darlington, South Carolina, Marekani, Ned Jarrett alishinda mbio za magari za maili 500 akiwa amemwacha wa pili kwa mizunguko 14. Mmesikia sawasawa: mizunguko, si sekunde. Ukipiga hesabu ni kama kilomita 31. Jarrett angeweza kusimama, akanywa soda, akapiga soga na mafundi wake, kisha akarudi uwanjani na bado akashinda. Sasa njooni Mei 2024, uwanja wa Kansas. Kyle Larson alimshinda Chris Buescher kwa sekunde 0.001. Katika ngazi ya juu ya NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi za magari Marekani, hakuna mbio zilizowahi kuisha kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Basi kama watu hupenda mbio za magari kwa sababu ya ushindani, shabiki wa leo angekuwa na raha kuliko babu yake. Lakini wasikilize mashabiki wa Carolina au Virginia, kusini mwa Marekani. Hawachelewi kukwambia kwamba mbio za kweli zilikwisha zamani. Wengi huwacheka, wanasema ni uzee tu. Mimi sidhani. Nadhani kuna kitu wamenyang'anywa, na kitu chenyewe si ushindani. Zamani walilijua gari lililokuwa likipita mbele yao.

Mashindano ya kwanza ya ngazi ya juu ya NASCAR yalifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949, kwenye uwanja wa vumbi. Bill France aliyeanzisha NASCAR alikuwa ameweka sharti moja kuu: gari liwe kama lilivyotoka dukani. Glenn Dunnaway akawa wa kwanza kuvuka mstari na Ford yake. Wakaguzi wakaingia uvunguni, wakakuta springi za nyuma zimechezewa. Gari lile lilikuwa la kubebea gongo, au chang'aa kwa wenzetu wa Kenya, na springi zilikazwa ili likijazwa mzigo lisilale nyuma na kuwashtua polisi. Dunnaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyekuwa na Lincoln. Mwenye Ford akaenda mahakamani, akashindwa. Siku hiyohiyo Lee Petty aliipindua Buick ambayo haikuwa yake, aliiazima. Fikirieni mazungumzo yake na mwenye gari jioni ile. Mtoto wake Richard alikuwepo akitazama, na ndiye aliyekuja kushinda mara 200, idadi ambayo hakuna aliyeikaribia.

Ford, Lincoln, Buick. Aliyekaa jukwaani alikuwa amekuja na mojawapo, au jirani yake analo. Kampuni za magari zililijua hilo vizuri, ndiyo maana wauzaji walikuwa na msemo wao: shinda Jumapili, uza Jumatatu. Mwenye Ford alikuwa na ugomvi wa kweli na mwenye Chevrolet, ugomvi wa Simba na Yanga, wa Gor na Leopards.

Wakati mwingine mambo yalikwenda kinyume, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo panaponifurahisha. Mwaka 1969 Dodge walitaka gari la kukata upepo, wakaunda Charger Daytona, lenye pua ndefu iliyochongoka na bawa la nyuma lililopita juu ya paa. Mwaka uliofuata ndugu zao wa Plymouth wakatoa la kwao, Superbird. Machi 1970, kwenye uwanja wa Talladega, Buddy Baker alipita maili 200 kwa saa na Charger Daytona, yaani kama kilomita 322. Lakini kanuni zilidai gari la aina hiyo liuzwe kwa umma kwanza. Kwa hiyo muuzaji wa mji mdogo, aliyezoea kuuza magari ya familia, akaletewa kitu chenye bawa refu kama fremu ya mlango. Nani aende nacho kanisani? Superbird nyingine zilidoda, na wapo wauzaji waliolazimika kuzing'oa bawa na pua ili zipate mnunuzi. Leo ukiwa na Superbird kamili, matajiri watakufuata wenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa sana hisia hizi. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndiyo gari iliyokuwa ikibeba abiria kati ya miji yetu, imesheheni mpaka juu ya keria. Shekhar Mehta alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 na Datsun Violet, iliyojulikana pia kama 160J, gari ambalo mwalimu mkuu angeweza kulimiliki. Aliyesimama kando ya barabara akimwagiwa tope alikuwa anaona kwamba gari la nyumbani kwao limeweza.

Tazameni sasa. Toyota Camry ya NASCAR ina injini ya V8, yaani ya silinda nane, na inasukumwa na matairi ya nyuma. Camry mpya ya dukani Marekani ni ya haibridi, ya petroli na umeme, yenye silinda nne. Wanachoshirikiana ni jina na umbo la uso. Na tangu 2022 magari yote uwanjani, liwe Ford, Chevrolet au Toyota, yanatumia fremu na vipuri vingi kutoka kwa watengenezaji walewale. Ni haki, ni salama zaidi, na ndiyo sababu tunaona tofauti za sekunde 0.001. Lakini ugomvi wa mwenye Ford na mwenye Chevrolet utaendeshwaje kama chini ya bodi ni kitu kimoja?

Mtaniuliza: na wale wanaolilia miaka ya 1990, wakati magari yalikuwa yameshaachana na ya dukani? Hao wanamlilia zaidi mtu, Dale Earnhardt, kijana wa Kannapolis, mji wa viwanda vya nguo, aliyeacha shule mapema na kuishia na ubingwa mara 7. Alifariki kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, Februari 2001. Tangu siku hiyo hakuna dereva aliyekufa katika mashindano ya ngazi ile. Mwaka 1964 peke yake ulimchukua Joe Weatherly, kisha Fireball Roberts aliyeungua moto Charlotte. Anayezisifu enzi hizo azisifu akiyahesabu na makaburi.

Na ahesabu na hili. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, Wendell Scott, dereva mweusi kutoka Danville, Virginia, fundi aliyelikarabati gari lake mwenyewe, alishinda kwa mizunguko miwili. Alikuwa na Chevrolet aliyoinunua kwa Ned Jarrett, yule yule wa mizunguko 14. Akavuka mstari, bendera ya ushindi haikupepea. Akaendelea kuzunguka. Kombe akakabidhiwa Buck Baker mbele ya watu, na watazamaji walipokwisha kuondoka ndipo waamuzi wakakiri kwamba mshindi ni Scott. Familia yake ilikabidhiwa kombe mwaka 2021, zaidi ya miaka 30 baada ya yeye kufariki. Ilikuwa Oktoba ya mwaka huohuo Bubba Wallace aliposhinda Talladega, mweusi wa kwanza kushinda ngazi hiyo tangu Scott. Bendera ya Shirikisho la Kusini, yale majimbo yaliyopigania kuendeleza utumwa, iliyokuwa ikipepea kwenye viwanja hivyo miaka yote, ilipigwa marufuku 2020 tu. Kwa hiyo mtu akiniambia zamani kila mmoja alijiona uwanjani, namuuliza kila mmoja ni nani.

Hata hivyo siwezi kuwaambia waache kutamani. Uwanja wa North Wilkesboro, North Carolina, ulifunguliwa 1947 katika wilaya iliyosifika kwa gongo. Katikati ya miaka ya 1990 ulinunuliwa, mbio zake zikahamishiwa Texas na New Hampshire, majani yakaota kwenye lami. Mwaka 2019 Dale Earnhardt Jr., mtoto wa yule Earnhardt, na wenzake walikwenda kuufyeka, na si kwa sababu mbio zilikuwa zinarudi. Walitaka upimwe ili uingizwe kwenye mchezo wa kompyuta, angalau ubaki humo. Serikali ya jimbo ikatoa fedha, na Mei 2023 NASCAR ikarudi na mashindano yake ya nyota. Larson alishinda kirahisi, akawaacha wenzake mbali. Kama mbio, hazikuwa na lolote. Majukwaa yalijaa, na watu wakataka zirudi mwaka uliofuata, na zikarudi.

Muda wangu umekwisha, sasa ni maswali. Yule mzee wa mstari wa tatu ameinua mkono tangu nilipoitaja 160J, na sidhani kama ana swali. Mpelekeeni kipaza sauti.