Ardas: Dua ya Wasikh na Sahani ya Msafiri

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, karibuni. Leo nawaletea dua moja tu ya Wasikh, hawa tuliozoea kuwaita Makalasinga. Inaitwa Ardas. Nimeichagua kwa sababu ukiielewa utajua kwa nini msafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa hulishwa bure pale Makindu bila kuulizwa dini wala kabila.

Ardas husomwa watu wamesimama, vichwa vimefunikwa, viganja vimekutanishwa kifuani, wakielekea Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu chenye kurasa 1,430. Wasikh hawana tabaka la makasisi. Mwanamume au mwanamke anayeijua dua aweza kuiongoza. Dua humtaja Mungu, kisha Maguru, walimu wao wakuu wa imani, kuanzia Nanak aliyezaliwa mwaka 1469 hadi Gobind Singh aliyeanzisha Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo cha imani, mwaka 1699, halafu mashahidi wa imani. Kila kipande kikiisha, wote huitika: "Waheguru!", jina wanalomwitia Mungu.

Ndipo huja haja za watu: mgonjwa aliyelazwa, kijana anayesafiri, nyumba iliyofiwa. Kila mtu ana lake. Lakini sikilizeni dua inavyofungwa: "Sarbat da bhala", kheri kwa wote. Kwangu mimi uzito wa Ardas uko hapo. Ukishawaombea kheri wote, utamfungiaje mlango mwenye njaa?

Dua ikiisha, kitabu hufunguliwa na aya husomwa, kisha hugawiwa karah prashad, halua iliyobarikiwa ya unga wa ngano, samli na sukari, ingali na joto. Waipokea kwa viganja viwili. Kutoka hapo ni langar, chakula cha wote. Guru Nanak ndiye aliyeianzisha, na Guru Amar Das akashikilia kwamba anayetaka kumwona aketi kwanza ale na wenzake. Katika India ile, ambako mtu wa tabaka la juu hakuthubutu kula na wa chini, kuketi safu moja sakafuni lilikuwa jambo zito mno.

Gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, ya Makindu ilijengwa mwaka 1926, kwenye mji ulioanza na kambi ya wajenzi wa reli, Wasikh wakiwamo. Dereva wa lori na familia iendayo pwani hupewa dali, chapati na chai ileile. Bili haipo. Anayetaka kuchangia huchangia. Anayetaka kusaidia jikoni hukaribishwa, kwani kusukuma chapati na kuosha sahani za wageni kwao ni seva, ibada kamili, na wengi huifanya huku wakilitaja jina la Mungu.